Chuo Kisicho na Namba

Madam Phyllis alizikwa Subukia siku ya mvua nyepesi, katika shamba lenye kahawa upande wa juu na ng'ombe wawili wa maziwa upande wa chini, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Habari nilikuwa nimepewa na Jerono, tuliyesoma naye chuoni kwake. Hatukuwa tumesikia sauti za kila mmoja kwa karibu miaka kumi. Tulikuwa tukitumiana salamu za Krismasi tu, zile zenye picha ya mshumaa na mstari wa Biblia. Safari hii alipiga simu. "Salome," akasema, bila hata kuniuliza habari ya nyumbani, "Madam ametuacha. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Yeye akasema, "Haya basi," akakata.

Chini ya tenti tulikaa pamoja sisi wa darasa lake la kwanza. Tulikuwa wasichana kumi na tisa mwaka ule. Siku ya mazishi walikuja wanawake wanane, wengine na miwani, mmoja na mkongojo. Tulipewa kile kijitabu cha mazishi chenye picha ya marehemu mbele, na ndani yake kulikuwa na maisha yake yote: alikozaliwa, alikobatizwa, watoto, wajukuu, kamati ya kanisa. Juu ya chuo kulikuwa na sentensi moja tu. "Aliwahi kuanzisha chuo cha walimu wa chekechea huko Kiamunyi." Mwanamke aliyekaa kando yangu aliweka kidole juu ya sentensi hiyo na hakukiondoa mpaka maombi yalipoisha. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba ndani ya maneno yale machache kulikuwa na miezi sita ya ujana wangu ambayo sijawahi kumweleza mtu vizuri, hata mume wangu, kwa sababu kila nilipoanza kuieleza nilifika mahali fulani nikabadilisha mazungumzo.

Ya nyumbani kwetu sitayasema hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na nimekaa miaka miwili kwa shangazi yangu mjini Nakuru nikimsaidia kuuza mitumba. Jambo moja tu nilikuwa na hakika nalo: nilitaka kufundisha watoto wadogo. Vyuo nilivyoweza kwenda vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa mjini, kinatambuliwa na serikali, jina lake limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya elimu kwa kila mtu kuona. Nilikwenda huko asubuhi moja nikapewa fomu kupitia dirisha dogo, nikaambiwa masomo yanaanza Januari, na wakati huo ilikuwa Februari. Nilipokuwa nikitoka nilichungulia darasa moja. Mwalimu alikuwa ameketi akisoma makaratasi yaliyogeuka rangi ya manjano, na wanafunzi wanaandika, vichwa chini, kama watu wanaochambua mchele. Hakuna aliyeuliza swali. Ubao ulikuwa mtupu.

Chuo cha pili kilikuwa Kiamunyi. Leo ukisema Kiamunyi watu wanafikiria nyumba za ghorofa na mageti, lakini wakati huo kulikuwa na mahindi hadi ukingoni mwa barabara, na nyumba moja ya mawe hapa, nyingine kule. Nyumba ya Madam Phyllis ilikuwa na bati jekundu na ua wa mikaratusi. Nilimkuta ameketi sakafuni kwenye veranda na watoto saba wa majirani, wanachekecha udongo kwa chujio la chai. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, sketi ameikunja chini ya magoti, na vumbi hadi kwenye nyusi. Aliniangalia nikiwa nimesimama na bahasha yangu.

"Umekuja kusoma ama kuangalia?"

"Kuangalia kwanza, Madam."

"Basi kaa chini. Hapa hatuangalii tukiwa tumesimama."

Nikakaa. Mtoto mmoja akanipa chujio bila kuniuliza jina. Nilipoinuka pale saa moja baadaye, sketi yangu ya kanisani imejaa udongo, nilikuwa nimeshaamua. Jioni shangazi alinisikiliza huku akikunja masweta, kisha akauliza swali moja, ambalo lilikuwa swali lenyewe. "Umeuliza kama wako na ruhusa ya serikali?" Nilikuwa nimeuliza, nikajibiwa kwamba maombi yametumwa. "Kutuma maombi si kujibiwa," shangazi akasema. "Hata mimi humwomba Mungu kila siku." Nikacheka. Nilimwambia chuo ni mwalimu, na kwamba karatasi haiwezi kumfundisha mtoto. Nilikuwa najiona mwenye hekima sana. Hakubishana nami, aliendelea kukunja masweta, na wiki iliyofuata akaniazima blanketi yake nzuri.

Tulilala katika vyumba viwili, vitanda vya dabo deka vitano katika kila chumba, vimebanana hivi kwamba ukitaka kupita lazima mwenzako apandishe miguu. Dirisha la chumba chetu lilitazama mlima Menengai, na asubuhi za baridi ukungu ulikuwa ukishuka kutoka huko taratibu mpaka ukafunika mahindi ya jirani, kisha tanki la maji, kisha kamba za nguo. Darasa letu lilikuwa gereji. Madam alikuwa ameondoa milango yake ya bati akaweka madirisha ya kioo, lakini harufu ya oili haikuwahi kutoka sakafuni, na mpaka leo nikipita karibu na gereji nakumbuka nadharia za ukuaji wa mtoto. Juu ya kuta tulitundika kila tulichotengeneza: herufi za vizibo vya soda, wanyama wa kadibodi, saa yenye mishale ya vijiti, mabegi ya unga yaliyofumwa kuwa mikeka. Hatukununua kitu. Siku moja alitupeleka Kariandusi kwa lori la muumini wa kanisa lake, tukasimama kwenye ukingo wa machimbo meupe ya pale, na kila mmoja akapewa kipande cha lile jiwe ambalo ni jepesi kama mkate mkavu. Tulivisaga nyumbani, tukachanganya na uji mwembamba, tukapata rangi nyeupe ya kupaka mbao. "Popote mtakapopelekwa," akatuambia, mikono yake imekuwa kama ya mtu aliyetoka kusaga unga, "kwanza tembeeni muone ardhi ina nini. Mtoto anajua vitu vya kwao kabla ya kujua vya kitabu."

Chakula kilipikwa na mama mmoja wa Kisii aliyeitwa Kemunto, mrefu, mkali, ambaye hakutaka kuona mtu akibakisha. Asubuhi uji wa wimbi wenye ndimu. Mchana githeri, mahindi na maharagwe, siku sita kwa wiki, lakini githeri ya Kemunto ilikuwa na viazi na majani ya maboga na kitu kingine ambacho hakuwahi kukubali kututajia. Ijumaa jioni alipika chapati na mboga ya managu, na sisi tulifanya foleni mlangoni mwa jikoni nusu saa kabla ya wakati, tukiimba nyimbo za watoto zenye maneno tuliyoyageuza kumsifu yeye. "Nendeni huko," angesema, lakini mgongo wake ungekuwa unacheka. Wasichana wawili kila wiki walipangwa kumsaidia, na ndani ya jikoni lile, kwenye moshi wa kuni, ndipo tulipojua mambo ya kila mtu: nani anapokea barua kutoka Molo, nani amekataa kuolewa, nani analia akioga.

Jerono alilala kitanda cha chini yangu. Alikuwa msichana mfupi, mwenye pengo katika meno ya mbele, na alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu yeyote, na nimekaa na walimu maisha yangu yote. Katika shule ya watoto iliyokuwa pale pale kwenye veranda kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa hasemi. Wiki tatu, hata jina lake. Sisi wengine tulimbembeleza, tukampa peremende, tukamwimbia. Jerono hakumwambia kitu. Alikaa kando yake na udongo wa mfinyanzi, akafinyanga ng'ombe: kichwa, pembe, miguu, kiwele. Kisha akamweka ng'ombe chini, akafuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Mtoto akaangalia ng'ombe yule kwa muda mrefu. "Mkia," akasema. Jerono akainua kichwa kama mtu asiyeshangaa hata kidogo. "Kumbe! Nilikuwa nimesahau. Mkia unakaa wapi?" Na mtoto akaonyesha. Madam Phyllis alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akigeuka haraka kuelekea ukutani, akijifuta macho.

Ilikuwa mwezi wa nane, Jumatano, zamu yangu ya jikoni. Kemunto alikuwa amekwenda kuchukua maziwa, na mimi nilikuwa stoo nikichambua maharagwe. Kati ya stoo na ofisi ya Madam kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Nilisikia mgeni akikaribishwa, mwanamke, sauti ya mtu wa ofisi lakini si ya adui. Nilijua baadaye kwamba walisoma pamoja.

"Phyllis, hii ni mara ya tatu nakuja kama rafiki," mgeni akasema. "Mara ya nne nitakuja na barua. Huna namba ya usajili. Bila namba, hawa wasichana hawataingizwa kwa mtihani wa kitaifa. Watamaliza hapa, watoke na kitu gani?"

"Watatoka wakijua kufundisha."

"Hilo najua. Nimewaona. Lakini nani ataandika hivyo mahali?"

Nilikuwa nimeshika konzi ya maharagwe na sikuthubutu kuyaachilia yasilie kwenye sufuria.

"Wanataka wakufunzi wawili wa diploma na mahali pa kudumu," Madam akasema. "Mkufunzi mmoja nimepata. Nipe hadi mwisho wa mwaka."

"Na wao, umewaambia?"

"Nikiwaambia wataondoka. Wakiondoka nafunga. Nikifunga, sitasajiliwa hata milele. Unataka nifanye nini?"

"Mimi nataka uwaambie," mgeni akasema. "Ni maisha yao, Phyllis. Si yako."

Nilimngoja aondoke. Kisha nikaenda ofisini nikiwa bado na aproni, na nilipoingia Madam aliniangalia usoni, akaangalia ule ukuta wa plaiwudi, akaelewa. Hakukasirika. Aliniambia nifunge mlango. Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali, lakini yalipotoka yalikuwa ya mtoto. "Madam, ulisema maombi yametumwa." "Yalitumwa," akasema. "Hukuuliza kama yamejibiwa." Halafu akafunika macho kwa kiganja, na nadhani alisikia aibu ya jibu lile kabla yangu. Aliniambia mambo mengi mchana ule: jinsi alivyoacha kazi yake kwa sababu alichoka kuona watoto wa miaka minne wakichapwa kwa kushindwa kushika penseli, jinsi alivyofikiri kwamba ukifanya kitu kizuri watu wa ofisi watakiona chenyewe. Mwishoni akasema, "Wewe ukitaka kwenda, sitakuzuia. Kile chuo cha mjini namjua naibu wa mkuu. Nitakuandikia barua, wakuchukue Januari bila foleni. Ninakuomba kitu kimoja. Usiwaambie wengine kwa sasa. Nipe huo muda." Nikamwambia sawa. Aliandika barua ile pale pale nikiwa nimesimama, kwa mwandiko wake wa duara, na akanisifu ndani yake kuliko nilivyostahili.

Siku mbili zilizobaki kabla sijaondoka sikuweza kula hata chapati. Niliwaambia wenzangu shangazi ni mgonjwa. Jerono peke yake hakuamini. Alinifuata kwenye tanki la maji nilikokwenda kufua blanketi, akasimama na ndoo yake tupu.

"Shangazi yako aliyekuja hapa Jumapili akicheka na Kemunto ndiye mgonjwa?"

Nikaongeza sabuni kwenye blanketi.

"Si useme tu umechoka na sisi."

"Sijachoka na nyinyi." Niliendelea kusugua blanketi ambayo ilikuwa safi. Nilitaka kumwambia. Maneno yote yalikuwa mdomoni, ya mtihani, ya namba, ya mgeni. Nikasema, "Jerono, muulize Madam kuhusu usajili."

Akacheka, pengo lake likaonekana. "Usajili? Usajili ni wa magari." Akajaza ndoo, akaenda. Na mimi nikamwacha aende. Nilijiambia nimemwambia. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kila dhamiri iliponigusa, nilijificha nyuma ya ile nusu ya sentensi: nilimwambia, si nilimwambia, ni yeye aliyecheka.

Januari nikaingia chuo cha mjini, nikaanza upya. Nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiandika vichwa chini. Tulisomewa noti miaka miwili, na katika miaka hiyo sikumbuki mkufunzi aliyewahi kukaa sakafuni. Lakini mtihani uliletwa ukiwa umefungwa kwa nta, tukaufanya, na cheti nilichopata kilikuwa na muhuri ambao kila ofisi ya nchi hii inaujua. Kilinifungulia kila mlango niliobisha. Nilifundisha huko Bahati, kisha huko Njoro, na serikali za kaunti zilipoanza kuajiri walimu wa chekechea nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukuliwa, na baadaye nikapewa shule. Sitaki mtu asome haya akidhani nakidharau cheti changu. Nilichofanyia kazi darasani, hata hivyo, sikukipata huko. Kila mwalimu mpya aliyekuja kwangu nilimwambia akae chini kwanza. Watu walifikiri ni mtindo wangu.

Kuna mwaka niliitwa kukaa kwenye meza ya kuwahoji walimu. Akaingia mama wa makamo, mikono ya kazi, na alipojibu swali la mtoto anayeuma wenzake alijibu vizuri mpaka mwenyekiti akaacha kuandika ili amsikilize. Tukafungua faili yake. Cheti kilikuwa cha chuo kisicho kwenye orodha yoyote. Mwenyekiti aliniangalia, na mimi ndiye niliyeisukuma faili ile upande wa pili wa meza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria na kwa sababu sheria ile si mbaya. Mzazi anayemleta mtoto asubuhi hawezi kuingia kichwani mwa mwalimu aone kuna nini. Lazima kuwe na mtu aliyeangalia kabla yake. Najua hivyo. Nilikwenda chooni, nikafungua maji ya bomba yatiririke, nikamfikiria Jerono.

Ndiyo maana siku ya mazishi, tulipomaliza kumfunika Madam na watu wakaanza kupewa chakula, nilimtafuta. Tulichukua sahani zetu za wali na nyama tukaenda nyuma ya nyumba, karibu na kahawa, mahali ambapo kulikuwa na benchi. Amenenepa sasa, nywele zake nusu nyeupe. Pengo bado lipo.

"Kuna kitu nimebeba muda mrefu," nikamwambia.

"Basi kitue."

"Siku ile kwa tanki, nilikuwa najua. Nilikuwa nimesikia kila kitu nikiwa stoo. Mtihani, namba, yote. Na sikukuambia."

Alitafuna, akameza. "Najua ulijua. Madam alituambia."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Jumatatu baada ya wewe kwenda," Jerono akasema. "Nilienda kumuuliza, si ulisema nimuulize? Nilicheka, lakini sikulala. Jumapili nikamuuliza. Kesho yake akatuita sote gereji. Alisimama, Salome. Yule mama ambaye hajawahi kutufundisha akisimama. Akasema chuo hakina namba, hajui kama kitapata, na kila anayetaka kuondoka atamwandikia barua kama yako. Akalia mbele yetu. Wanne wakaondoka wiki hiyo. Sisi wengine tukakaa."

"Ukakaa? Ukijua?"

"Hakuna mtu alinishika mguu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nampenda yule mama. Nikafikiri mtu mzuri hivyo hawezi kukosa karatasi." Aliangalia sahani yake. "Akaikosa. Mwaka uliofuata akafunga."

Nilimuuliza kama alijuta. Jerono si mtu wa kukupa jibu la kukufurahisha. Alisema alijuta siku kaunti iliporudisha faili yake, baada ya kufundisha watoto wa kanisa miaka kumi na minne. Aliambiwa aende akasome. Akaenda, akakaa darasani na wasichana ambao angeweza kuwazaa, mkufunzi akimwita mathe kama mama yake, akaandika noti za vitu alivyokuwa akivifanya tangu kabla mkufunzi hajaoa. "Na nisiseme uongo," akaongeza, "mawili matatu nilijifunza. Ya watoto wenye ulemavu, Madam hakuwa anayajua. Cheti nikapata, kazi nikapata. Lakini hiyo miaka, nani atanirudishia? Kwa hivyo mtu asikuambie karatasi si kitu."

"Basi ungenikasirikia."

"Nilikukasirikia." Sasa aliweka sahani kwenye benchi. "Si kwa sababu ya chuo. Kuchagua nilichagua mwenyewe. Nilikukasirikia kwa sababu ulinipa nusu. Mtoto wa chekechea ndiye anafichwa mambo, Salome. Mimi nilikuwa mwenzako. Ulidhani nikijua nitafanya nini, nivunjike?"

"Nilikuwa nimeahidi kunyamaza."

"Ulikuwa umeahidi," akasema, bila ukali wowote, "na ulikuwa umepewa barua."

Ng'ombe mmoja alilia kule chini, na upande wa mbele wa nyumba kwaya ilikuwa imeanza tena. Nilimwambia pole. Nilisema neno hilo moja tu, kwa sababu mengine yote niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka yalikuwa ya kujitetea. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Kula, nyama inapoa," na tukala, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikasikia ladha ya kile nilichokuwa nikitia mdomoni.

Binti wa mwisho wa Jerono, Cherop, ndiye aliyetuletea chai. Ana miaka kumi na tisa, anataka kusomea kazi ya maabara. Mama yake akamwambia anieleze habari za chuo alichopata, na msichana akawaka uso mzima.

"Auntie, mimi nishaamua, ni hao tu. Walituita siku ya wageni. Kuna mwalimu mmoja alituwekea damu kwa hadubini, akatuonyesha mdudu wa malaria. Aki niliona na macho yangu! Na alituachia kila mtu aangalie, hakuharakisha mtu."

"Wamesajiliwa?" nikauliza.

"Si wako kwa mtandao."

"Kwa mtandao kila mtu yuko," mama yake akasema. "Wapigie."

"Sasa hivi? Kwa mazishi, Mum?"

"Wapigie."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Msichana wa upande ule alikuwa mchangamfu, alimwita dia, akamuuliza kama amejaza fomu. Cherop akauliza kama chuo kimepata kibali kutoka kwa bodi ya watu wa maabara. Msichana yule akasema iko kwa prosesi, dia, mambo ni karibu, wewe kuja tu uanze. Jerono akanyoosha mkono akachukua simu. "Asante sana, mama," akasema kwa upole. "Ikitoka kwa prosesi mtupigie." Akakata, akamrudishia binti yake, akamwambia Jumatatu wataenda pamoja kuomba orodha ya vyuo vyenye kibali, wachague humo. Nikasema mimi nitakuja na kwamba katika kila chuo tutakachokiandika tutaomba kukaa nyuma ya darasa siku moja.

Cherop alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Lakini Mum, huyo mwalimu ni mzuri. Ni mzuri kabisa."

Jerono aliangalia kupita kona ya nyumba, mahali ambapo wanaume walikuwa wakipanga maua juu ya udongo mbichi.

"Najua," akasema. "Hata huyu tumemzika leo alikuwa mzuri."